Kuuvuka msitu wa Arabuko-Sokoke kwa baiskeli: ardhi tatu, upepo wa tairi na maji ya kutosha

Anayekwama kwenye njia ya Nyari, genge lililo upande wa magharibi wa msitu, hakwami kwa mlima. Kutoka barabara kuu ya Mombasa–Malindi hadi ukingo wa magharibi wa Arabuko-Sokoke, tofauti ya kimo haifiki mita 200. Kinachowarudisha watu ni mchanga, kiu, na tairi lililotiwa upepo kana kwamba linakwenda sokoni. Msitu huu wa kilomita za mraba 420 umekaa juu ya ardhi tatu tofauti, na kila ardhi ina upepo wake wa tairi, gia yake na saa yake. Ukizijua hizo tatu, mengine yote ni kubeba mizigo.

Ukiingilia mashariki, ardhi ya kwanza ni mchanga wa kijivu wa msitu mchanganyiko, penye mibambakofi na misandarusi. Kuna kivuli, kuna majani makavu, na kuna mizizi inayokatiza njia. Ya pili, katikati, ni mchanga mweupe wa mirihi. Miti imeachana, jua linapiga hadi chini, na mchanga wenyewe ni mlaini kama unga. Ya tatu ni udongo mwekundu wa magharibi, kwenye mfunda na mihuhu iliyosongamana. Njia ni ngumu, nyembamba, na ina mifereji iliyochimbwa na magari wakati wa mvua. Mwisho wake ni genge la Nyari, ambapo ukigeuka mashariki unauona msitu wote chini yako, mpaka hori la Mida na baharini. (Usiichanganye na Nyari ya Marafa, ile ya magenge mekundu kaskazini ya mto Sabaki. Kwa Kigiriama jina hilo ni la mahali palipobomoka penyewe.)

Msimu na saa

Watu wengi hudhani kiangazi ndicho kizuri. Kwa udongo mwekundu, ndiyo. Kwa mchanga mweupe ni kinyume kabisa: Januari na Februari, kaskazi ikiwa imeukausha, gurudumu huzama na utasukuma baiskeli zaidi ya utakavyoipanda. Mvua ya usiku mmoja huushika mchanga ukawa kama sakafu, lakini mvua hiyohiyo huugeuza udongo mwekundu kuwa gundi inayojaza nafasi kati ya tairi na fremu hadi gurudumu ligome kuzunguka. Kwa hiyo Julai hadi Septemba ndiyo miezi tunayoipendelea: masika yamepita, manyunyu ya kusi bado yapo, na jua halijawa kali. Mei usijaribu. Kama mvua kubwa imenyesha jana yake, zungukia msitu wa mashariki tu na uiache Nyari siku nyingine.

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, si kabla. Giza la alfajiri si wakati wa kuwa njiani msituni, sababu zake ziko mbele. Mchanga mweupe uwe umeupita kabla ya saa tatu, ungali na umande. Saa tano kamili ndiyo saa ya kugeuka, hata kama umeambiwa Nyari iko hapo mbele tu. Msituni hesabu kwa saa, usihesabu kwa kilomita. Mtu anayekwenda kilomita 18 kwa saa kwenye lami atakwenda 8 hadi 10 humu, na kwenye mchanga mkavu hata 5. Lengo ni kuwa nje saa tisa alasiri, ili pancha mbili na mapumziko marefu visikukutanishe na usiku.

Baiskeli gani

Blakmamba ya kubebea madebe ya maji ni chuma cha kuaminika, ila tairi lake la inchi moja na nusu hukata mchanga kama kisu. Unataka tairi la upana wa inchi 2.25 au zaidi, na hakikisha pande zote mbili za fremu kuna nafasi ya kupita kidole. Breki za diski ni bora kwa mbali. Breki za rimu hufanya kazi, lakini mchanga ukiingia kati ya mpira na rimu, kila unapofunga breki unapiga msasa rimu yako.

Gia ndogo kabisa iwe na uwiano chini ya 0.8. Yaani mbele meno 32, nyuma meno 42 au zaidi. Au kwa baiskeli ya zamani yenye gia tatu mbele, meno 22 kwa 34. Bila hiyo utasimama kwenye pedeli, uzito utahama, gurudumu la nyuma litachimba shimo, na mambo yatakwisha hapo.

Cheni ipime kabla ya safari. Chukua rula ya inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya pini hiyo hukaa juu ya inchi 12 barabara. Ikiwa imepita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, badilisha. Cheni iliyolegea itaruka meno palepale unapoikaza kutoka mchangani, na hapo ndipo hukatika.

Halafu mafuta. Oili chafu ya pikipiki, ambayo fundi atakupakia bure, ndiyo adui mkubwa: mchanga unaigandia na kuwa tope la kusagia chuma. Mafuta ya kupikia nayo hugeuka ulimbo baada ya siku chache. Tumia mafuta makavu ya cheni, yale yenye nta. Tone moja kwa kila kiungo, upande wa ndani, usiku wa kuamkia safari, kisha pangusa nje kwa kitambaa hadi kidole kisichafuke. Cheni inayong'aa kwa mafuta ni cheni iliyopakwa vibaya.

Upepo wa tairi

Hapa ndipo siku yako inapoamuliwa. Tairi lililojaa hukanyaga eneo dogo na kuzama. Lililopunguzwa hutandaa na kuelea. Vipimo hivi ni vya mtu wa kilo 70 na tairi la inchi 2.25. Kwa kila kilo tano zaidi ongeza psi moja (psi ndicho kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye pampu), kwa kila tano pungufu toa moja.

Kama unapanda kutoka Malindi kwa lami hadi Gede, kilomita 15 na kidogo, weka psi 35 magurudumu yote. Getini kwa msitu punguza: kwa tairi lenye tyubu, mbele 24 na nyuma 27; kwa tyublesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, mbele 20 na nyuma 22. Ukifika mchanga mweupe, tyublesi ishushe hadi 17 mbele na 20 nyuma. Yenye tyubu usiishushe chini ya 22, kwa sababu ukigonga mzizi rimu itaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yanayotazamana, kama meno ya nyoka. Kwenye udongo mwekundu uliokauka rudisha psi tatu au nne, maana kingo za ile mifereji ni ngumu kama matofali.

Huna kipimo? Kaa kwenye kiti, mwenzako aangalie tairi la nyuma. Libonyee kiasi cha unene wa kidole kidogo. Na nyumbani, kabla ya yote, hesabu pampu yako ndogo inachukua mapigo mangapi kutoka psi 20 hadi 30. Namba hiyo iandike kwa kalamu ubavuni mwa pampu. Msituni ndiyo kipimo chako.

Shusha upepo kabla ya mchanga. Anayengoja azame kwanza huwa tayari amepoteza nguvu za nusu saa.

Kwa sababu ya miba, tyublesi yenye dawa ya kuziba mililita 100 hadi 120 kwa kila tairi ni bora kuliko tyubu. Joto la pwani hukausha dawa hiyo haraka. Kila baada ya miezi miwili fungua valvu, chomeka kijiti chembamba. Kikitoka kikavu, ongeza mililita 60.

Kuendesha mchangani

Ukiona rangi ya njia imebadilika mbele, badilisha gia sasa, ungali kwenye ardhi ngumu. Kubadilisha gia ukiwa umekaza pedeli mchangani hukata cheni au hukunja mkono wa gia, ule wa nyuma unaohamisha cheni. Sogeza makalio nyuma ya kiti inchi mbili tatu, ili gurudumu la mbele liwe jepesi. Mikono ilegee. Usukani utachezacheza, uache ucheze. Anayeubana ndiye anayeanguka. Macho yaangalie mita kumi mbele, kamwe si gurudumu. Pedeli zungusha mfululizo bila kukanyaga kwa kishindo. Ukitaka kugeuka, egemeza mwili upande huo badala ya kukata usukani, na breki ya mbele isahau kabisa.

Mara nyingi mchanga mlaini zaidi uko kwenye njia za magurudumu ya gari. Katikati, penye nyasi, pameshikana zaidi, na kingo za njia pia, palipoanguka majani ya mrihi. Ukisimama, usijaribu kuondoka hapohapo. Ivute baiskeli hadi kwenye nyasi, weka pedeli ya mguu wako wenye nguvu mbele ikiwa imeinuka kidogo, kaa kwanza, ndipo ukanyage.

Mizizi ya msitu mchanganyiko ikate kwa pembe mraba. Ikiwa na umande, achia breki zote unapopita juu yake. Tairi linalozunguka linapita, lililofungwa linateleza. Na ukisikia kijiti kikigonga spoki, acha kukanyaga mara moja. Si baada ya duru moja zaidi. Kile kijiti huzungushwa hadi kwenye mkono wa gia, hukunja lile sikio la fremu linaloushika, kisha mkono wenyewe huingia ndani ya spoki. Kutoka kijiti hadi baiskeli isiyokwenda ni nusu duru ya pedeli.

Pancha

Beba tyubu mbili, viraka kumi, gundi ambayo haijafunguliwa, pampu, vijiti vitatu vya kubandulia tairi, alenkii za milimita 4, 5 na 6, kitoa pini cha cheni, viungo viwili vya kuunga cheni vya saizi yako, ufunguo wa spoki, sikio la ziada la fremu yako, na kipande cha kitambaa cha pamba. Gundi iliyofunguliwa mwezi uliopita usihangaike nayo. Kwa joto la Malindi utaikuta imekuwa jiwe.

Kosa la kawaida ni kuitoa tyubu, kuiziba, na kuirudisha bila kuutafuta mwiba. Valvu ikiwa bado usawa wa maandishi ya tairi, tia alama mahali tyubu ilipotoboka, kisha angalia tairi sehemu hiyohiyo. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima, pande zote mbili. Pamba hunasa ncha ambayo kidole hakiioni. Mwiba wa mgunga hukatika ukabaki milimita mbili tu ndani ya mpira, na hizo mbili zinatosha.

Kwaruza tyubu kwa msasa mahali papana kuliko kiraka hadi mng'ao uondoke. Paka gundi nyembamba, si bonge. Sasa ngoja. Dakika tano kamili, hadi gundi isiwe na unyevu wala kung'aa. Gusa pembeni yake kwa ukucha: isikuvutie uzi. Watu hubandika ingali mbichi kwa haraka ya jua, kisha wanalaumu kiraka. Bandika, kandamiza kwa nguvu kutoka katikati kwenda kingo dakika moja, na ile karatasi ya plastiki ya juu iache palepale.

Spoki ikikatika, izungushe kwenye jirani yake isichape, kisha legeza spoki mbili za kando zinazotoka upande wa pili wa habu robo duru kila moja, ili rimu isiguse fremu. Utafika nyumbani.

Maji na chakula

Njiani hamna maji ya kunywa. Vidimbwi vilivyopo ni vya wanyama. Hesabu mililita 600 kwa kila saa ya kupanda. Kwa siku ya Nyari hiyo ni lita nne na nusu kwa uchache: tatu kwenye mfuko wa mgongoni, moja na nusu kwenye chupa mbili za fremu. Nusu ikiisha kabla hujafika, umefika. Geuka.

Dafu ni zuri kabla na baada ya safari, lakini lina chumvi kidogo, na jasho la msituni linatoa chumvi nyingi. Kwenye chupa moja weka ORS, ile chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, au changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kichwa kikianza kuuma na umeacha kutoka jasho, keti kivulini, mwaga maji shingoni na usiendelee hadi hali irudi.

Chakula kisichochacha na kisichohitaji mikono miwili: tende, ndizi, kashata, mahamri mawili. Tende nne au tano kila saa, njaa haijagonga. Nyama na mayai acha nyumbani.

Ndovu na wengineo

Ripoti kwanza kwenye kituo cha Gede, lipa ada, eleza njia yako na saa ya kurudi, na uchukue kiongozi anayeujua msitu. Kwa safari ya kwenda hadi magharibi hili halina mjadala. Ndovu wapo, na baiskeli ina tatizo ambalo gari halina: haina sauti. Unaweza kumfikia ndovu kwenye kona kabla hajakujua, naye hapendi kushtuliwa. Usiku hutembea kwenye njia hizihizi. Asubuhi mapema baadhi yao bado wako hapo.

Jifunze upepo. Kusi ikikupiga mgongoni, harufu yako inatangulia na wao huondoka mapema. Ukielekea kusini kwenye msimu huohuo, upepo unakuja usoni na harufu yako inabaki nyuma. Hapo piga kengele, ongea kwa sauti kila kona. Kinyesi chenye unyevu na nzi, matawi yaliyovunjwa yenye majani mabichi, hizo ni dalili za kusimama na kusikiliza. Ukimwona, simama angalau mita 100, usipige kelele tena, geuza baiskeli kimya na rudi ulikotoka. Usijaribu kumshinda mbio mchangani.

Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo vaa khaki au kijivu, mikono mirefu. Upupu ukikugusa usijisugue. Bandua vinyweleo kwa utepe wa kunata kabla ya kutia maji. Asubuhi anayetangulia hubeba tandabui zote usoni, basi badilishaneni. Kuhusu nyoka, hatari kubwa ni kifutu aliyejilaza kwenye majani makavu, kwa hiyo usilaze baiskeli wala kuketi bila kutazama. Akiuma: usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu. Vua pete na saa, funga kijiti kiungo kisitikisike, piga 999 au 112 mkipata mtandao, na mgonjwa abebwe, asitembee.

Mtandao hukatika ndani, hivyo pakua ramani nyumbani. Simu ikizima, kumbuka tu kwamba lami iko mashariki: asubuhi lifuate jua, alasiri lipe mgongo. Sehemu za mpaka zina uzio wa umeme wa kuzuia ndovu. Usipitishe baiskeli juu yake. Fuata uzio hadi geti.

Ukirudi

Usikimbilie kumwagia baiskeli maji ya mpira. Maji ya nguvu husukuma mchanga ndani ya beringi za habu na krenki. Iache ikauke, piga brashi kavu kwanza kuanzia juu kwenda chini, kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Cheni ipanguswe, ipakwe upya siku hiyohiyo, kwa sababu hewa ya chumvi ya Malindi huanza kuipa kutu usiku mmoja. Mwisho, toa pedi za breki uangalie: ikibaki milimita moja ya pedi bila kuhesabu bati lake, nunua mpya kabla ya safari nyingine, na anza na za nyuma, maana ndizo mchanga unazozila kwanza.